Saa Iliyoandikwa Kwenye Kibali

2 Machi

Mwanangu,

Kosa la watu wengi wanaotaka kuwinda bata bukini ni kudhani kwamba kuamka mapema ndiko kufika mapema. Mtu anaamka saa kumi na moja, anatafuta soksi, anachemsha chai, anabishana na kitasa cha mlango, na anapofika bwawani jua limeshatoka na bata wameshamwona. Kisha anarudi nyumbani akilalamika kuwa bata hawapo. Bata wapo. Asiyekuwepo ni yeye.

Nimetanguliza hilo kabla ya salamu kwa sababu nakujua: barua unasoma mwanzo na mwisho, katikati unaruka. Haya, salamu sasa. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kulia ambalo siku hizi lina maneno mengi. Mama yako hajambo? Mwambie shemeji yake anamsalimu sana.

Barua yako nimeletewa na dereva wa gari la maziwa, na habari zake zimenisikitisha. Misimu miwili bata wamekula mpunga wako ukiwa bado miche, na sasa shangazi yako, aliye msimamizi wa mirathi, ametangaza kwamba wakila na huu wa tatu, majaruba aliyokuachia marehemu baba yako atapewa mtu wa matofali. Shangazi yako nimezaliwa naye tumbo moja, namfahamu. Akisema hatanii. Na mtu wa matofali halimi. Anachimba udongo mpaka pabaki shimo la kufugia vyura. Hilo shamba likienda limekwenda.

Kwa hiyo nimeshafika ofisi ya wanyamapori nikajaza fomu kama mdhamini wako. Kibali umekipata, nimekifunga humu. Ni cha mwezi huu wa Machi peke yake, bata sita, kwa bunduki ya marisau ya baba yako. Penye saa za kuwinda nimejaza mwenyewe: kumi na moja alfajiri hadi moja na robo asubuhi. Ukifyatua nje ya saa hizo, hata mara moja, bunduki inachukuliwa. Huhitaji kuwamaliza. Wakianguka wawili watatu mbele ya wenzao, kundi zima litajua hapo hapakaliki, litahamia kwingine.

Kwa nini alfajiri? Kwa sababu bata bukini analala majini na kuamka na njaa. Kukipambazuka anaondoka bwawani kwenda kutafuta chakula, na akiwa na njaa hatazami sana chini. Mimi na baba yako tulikwenda alfajiri kwa miaka ishirini na sita, yeye fundi wa baiskeli, mimi mwalimu wa hesabu, na ilipofika saa moja na robo tulikuwa tumeshafungasha. Uwe umekaa kwenye matete saa kumi na nusu. Usivae nguo nyeupe. Usijisogeze.

Baba yako mkubwa


8 Machi

Shikamoo baba mkubwa,

Natumaini goti limepoa. Mama hajambo, anakusalimu. Mimi ni mzima kwa maana ya kwamba napumua.

Nimekwenda asubuhi tano. Saa kumi na nusu ninakuwa kwenye matete, nimevaa koti la marehemu baba, miguu ndani ya maji, mbu wamenifanya hoteli. Kunapambazuka, nasikia sauti zao bwawani, moyo unadunda. Wanaondoka. Wanakuja upande wangu. Halafu wanapita juu, juu kabisa, shingo zimenyooka, kama watu waliochelewa kazini. Hakuna hata mmoja anayetazama chini. Wanakwenda ng'ambo ya mto kwenye lile shamba kubwa jipya la mahindi, wanaokota punje zilizodondoka wakati wa kuvuna. Marisau hayafiki huko juu. Hata jiwe la manati lisingefika.

Basi narudi nyumbani, nabadilisha nguo, nakwenda kumsaidia mama. Mchana nikirudi shambani jaruba la pembeni limelimwa kwa midomo. Jana nimekuta ishirini na tatu wamekaa katikati ya miche yangu wakila taratibu, saa tisa ya alasiri, jua kali. Nikapiga kelele, nikarusha udongo. Wakasogea hatua kumi, wakaendelea. Mmoja alinitazama kwa dharau, baba mkubwa. Sikutegemea kudharauliwa na bata.

Dereva wa maziwa kila nikikutana naye ananiuliza, "Dada, leo mnakula nini?" Nimeanza kumchukia na hana kosa.

Una hakika ni alfajiri?

Mwanao


11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijapoa, lakini si goti lililonipandisha joto wiki hii.

Umeuliza kama nina hakika. Nilifundisha hesabu miaka thelathini na nne, na kila mwaka alikuwepo mwanafunzi mmoja aliyepata jibu lisilofanana na la kitabu akaniuliza kama kitabu kina hakika. Nilikuwa namwambia: rudia kazi yako kuanzia mstari wa kwanza.

Turudie yako. Bata akipita juu, kuna kitu kimempandisha. Lile koti la baba yako lina vifungo vya shaba, je, umevifunika? Kwa sababu kifungo kikipata mwanga wa kwanza ni taa. Je, unakohoa? Je, unajikuna hao mbu? Bata bukini ana jicho linaloona mkono ukipanda kwenye shavu kutoka ng'ambo ya bwawa. Na upepo umeuangalia? Bata hutua akiukabili upepo, kama unavyopanda baiskeli ukiukata. Ukikaa upande ambao upepo unatokea, watakuja usoni kwako wakishusha miguu. Ukikaa upande mwingine utaona mikia tu, tena juu.

Kuhusu wale ishirini na tatu wa saa tisa: hao ni walioshiba. Bata aliyeshiba hutembea tu, kama mzee aliyestaafu. Usiwajali.

Usibadilishe saa. Badilisha mwenendo.

Baba yako mkubwa


16 Machi

Shikamoo baba mkubwa,

Mama hajambo. Mimi sijui.

Vifungo nimevikata vyote, koti nalifunga kwa kamba ya katani. Sikohoi. Sijikuni, ukiniona usoni utajua kama sijikuni, nimevimba kama andazi. Upepo nimeupima kwa unyoya kila asubuhi kama ulivyonifundisha nikiwa mdogo. Nimehama upande. Nimehama tena. Juzi mmoja alichelewa wenzake akapita chini kidogo, nikafyatua, nikapiga anga. Huyo ndiye bata wangu wa siku kumi na tatu: hewa.

Na hao unaoniambia walioshiba wanatembea tu, wamemaliza jaruba la pembeni na nusu ya la pili. Kama huko ni kutembea, sijui wakila itakuwaje.

Jana shangazi alikuja na mtu wa matofali. Hakunipigia hodi, walianzia shambani. Yule bwana akachuchumaa kwenye tuta, akachukua udongo wangu, akauminya, akaufungua mkono, akatabasamu. Baba mkubwa, alitabasamu kama mtu aliyeonja mchuzi. Shangazi akaniambia, "Mwanangu, mimi si adui yako. Lakini shamba ambalo bata ndio wanavuna, sisi tunalilinda la nini?" Nikamwambia mpunga bado upo, angoje mwezi uishe. Akasema, "Nangoja mwezi uishe." Akayahesabu majaruba yaliyobaki mabichi kwa kidole. Matano. Yalikuwa saba.

Nakuomba, kwa heshima zote. Bata wanatua kwangu kuanzia saa nane na nusu mpaka karibu na magharibi. Nimewaangalia siku nane mfululizo, hawajakosa hata moja. Wakitoka kule kwenye mahindi wanashuka hapa kwa ajili ya maji na majani laini. Nimekwenda ofisi ya wanyamapori. Bibi afisa amesema saa zinaweza kubadilishwa ila mdhamini ndiye atie sahihi. Fomu ni hii. Tia sahihi, mpe dereva.

Mwanao


19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Pole kwa uso.

Fomu ninayo hapa mezani na sikutia sahihi, nami nakueleza sababu ili usiseme babako mkubwa ni mkaidi tu.

Bata mwenye jua mgongoni anaona kila kitu. Mchana hewa ni nyepesi, sauti zinasafiri, watu wanapita na majembe. Nikikubadilishia saa leo, utakaa siku tatu alasiri, hutapata kitu, utarudi kuniomba adhuhuri. Mwezi utaisha ukiwa umejaribu kila saa na hujaijua hata moja. Nimeona wanafunzi wengi wakifeli mtihani kwa kufuta jibu sahihi. Karatasi inatoboka kwa kufuta.

Unashindana nami kwa siku kumi na tatu. Mimi nina miaka ishirini na sita. Baba yako alikuwa mwindaji kuliko mimi na kuliko wewe, na katika miaka yote hiyo hakuwahi hata siku moja kuniambia, "Kaka, tubadilishe saa." Hata siku moja. Ungekuwa na jambo la kweli, angeliona yeye kwanza.

Vumilia. Funga kofia vizuri. Shangazi yako nitamwandikia.

Baba yako mkubwa


22 Machi

Baba mkubwa, shikamoo.

Sitauliza habari za goti leo, unisamehe.

Barua yako niliisoma kwa sauti jikoni kwa sababu nilitaka mtu mwingine aisikie, nisije nikawa mimi ndiye mwenye kichaa. Mama alikuwa anachambua mchele. Nilipofika pale unaposema baba hakuwahi kukuambia mbadilishe saa, akaacha mchele, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa upande wa kanga. Nikamuuliza, "Mama, kuna nini cha kuchekesha? Tunapoteza shamba."

Akasema, "Hivi shule ya shemeji ilikuwa inaanza saa ngapi?"

Nikasema saa mbili.

"Basi ndiyo hiyo alfajiri yao. Shemeji yangu alikuwa anawinda kabla ya kengele. Saa moja na robo anafungasha, anapanda baiskeli, saa mbili kasoro yuko mstarini na wanafunzi. Bata walikuwa na habari gani na kengele?"

Nikamwambia lakini baba mkubwa anasema walipata bata miaka yote. Akaniambia hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Nani alikuwa ananyonyoa manyoya katika nyumba hii? Mimi. Nami niliwanyonyoa jioni. Bata wa asubuhi ni wachache, naweza kukutajia mmoja mmoja. Shemeji akiwa darasani, au shule ikifungwa akasafiri, baba yako alikula chakula cha mchana, akapumzika kidogo, akatoka saa nane. Anarudi na wawili. Siku mbaya, mmoja."

Nikamuuliza kwa nini basi hakumwambia kaka yake. Mama akarudi kwenye mchele. Akasema, "Nilimwuliza hata mimi. Akanijibu, 'Nikimwambia, atanitakia heri ya alasiri na kubaki kwake kusahihisha madaftari. Saa aliyonayo kaka ni hiyo moja.'"

Sikutaka kukuandikia haya. Nimekaa nayo siku nzima. Lakini jaruba la tatu limeanza kuliwa, na kibali kina siku tisa.

Mwanao


25 Machi

Baba mkubwa, shikamoo.

Dereva anasema bahasha alikukabidhi mkononi, ukaisoma ukiwa umesimama mlangoni, ukamwambia hakuna majibu. Kesho yake hakuna. Leo hakuna. Anasema na chai hukumkaribisha, na kwamba hiyo haijawahi kutokea.

Kama umekasirika, kasirika. Kama unaumwa, niambie nije. Bata wako kwenye jaruba la nne. Jana shangazi alipita barabarani bila kusimama, na hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Mwanao


27 Machi

Mwanangu,

Marahaba, mara mbili, kwa shikamoo mbili nilizokuwa nadaiwa. Siumwi. Mwambie dereva namwomba radhi kwa chai.

Nilikaa siku tatu nikifanya hesabu, kazi ambayo nilidhani naijua. Nilichukua karatasi nikajaribu kuandika kila bata niliyemwona mimi mwenyewe, kwa macho yangu, akianguka alfajiri. Mwanzo niliandika haraka. Baadaye kalamu ikasimama. Nimefikisha kumi na moja. Kumi na moja kwa miaka ishirini na sita, na wawili kati yao nina mashaka. Ila bata niliokula mezani kwa baba yako, hao hawahesabiki. Nikiuliza, alikuwa ananiambia, "Huyu ni wa juzi, kaka." Nami nikatafuna bila kuuliza juzi ipi, ilhali juzi nilikuwa naye na hatukupata kitu. Mwalimu mzima wa hesabu.

Kisha nikakumbuka asubuhi zenyewe. Tulikuwa tunaongea sana, mwanangu. Hilo nalo nakueleza kwa kuwa ni somo: hakuna bata anayetua karibu na watu wawili wanaonong'onezana na kuzuia vicheko ndani ya matete. Baba yako alijua. Ndiye aliyekuwa anaanza hadithi. Sasa naelewa hakuwa amekwenda kuwinda. Asubuhi zile zote alikuwa amekuja kukaa na mimi, na bunduki ilikuwa kisingizio. Nimekushikilia kwenye saa ambayo haikuwa ya bata. Ilikuwa ya ratiba yangu ya shule. Kwa ajili yake umepoteza majaruba matatu. Nisamehe.

Jana nilikwenda ofisini mwenyewe, sikutaka fomu ipite mikono mingine. Nilipanga foleni kwa muda wa saa moja na nusu. Bibi afisa akaisoma, akaniuliza, "Mzee, siku zile ulinieleza nusu saa nzima kwamba bata ni alfajiri. Leo ni alasiri?" Nikamwambia, "Nilikosea, mwanangu." Akagonga muhuri. Sikumbuki kama nimewahi kulisema neno hilo mbele ya foleni. Halikuniua.

Kibali kipya kiko humu: saa nane mchana hadi kumi na mbili jioni. Shangazi yako nimemwandikia jana hiyohiyo kwamba uliosababisha mpunga kuliwa mwezi huu ni ujinga wangu, asikutwishe wewe, aje aone kwa macho kabla hajampa mtu neno.

Mengine niliyokufundisha bado ni kweli: upepo, kutulia, nguo za rangi ya matete. Kwa alasiri ongeza moja. Kaa jua likiwa nyuma yako, bata walione hilo jua na wasikuone wewe. Barua hii itakufikia kabla ya saa sita. Usingoje kesho.

Baba yako mkubwa


30 Machi

Shikamoo baba mkubwa,

Nimekusamehe kabla hujamaliza kuomba, ila nitaendelea kukutania mpaka uzee wangu, ujiandae.

Siku ya barua yako nilikula haraka nikaenda. Jua nyuma yangu. Saa tisa kasorobo wakaja wakitokea kwenye mahindi, wazito, miguu imeshuka, wanaukabili upepo, na upepo ulikuwa unatokea kwangu. Sikuamini. Nilisubiri mpaka nikaona rangi ya midomo yao. Nikafyatua mara mbili, akaanguka mmoja. Kishindo cha mabawa ya waliobaki kilinitikisa kifua. Kesho yake mmoja tena. Jana walikuja kumi tu, wakazunguka juu ya shamba mara mbili, hawakutua. Wakaenda zao upande wa mabwawa ya juu, na nikasimama kwenye tuta nikiwatukana kwa furaha. Mama akaniita, "Wewe, heshimu majirani!"

Shangazi alikuwepo jana. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kuanzia saa nane mpaka jua linazama, na barua yako mkononi. Mtu wa matofali alipofika jioni, shangazi akamwambia, "Bwana, katafute udongo kwingine. Hapa tunangoja mavuno." Yule bwana akaniangalia mimi, akaangalia bunduki, akakumbuka ana safari. Majaruba mazima ni matatu na kipande cha la nne. Si mengi. Shangazi anasema yanatosha kuitwa shamba.

Kibali kinaisha kesho na bata wanne bado wamo kwenye karatasi. Nadhani hawatatua tena, na sijali. Lakini sijawahi kukaa na mtu kwenye matete. Sijui hata baba alikuwa anakusimulia nini, na mama naye hajui. Anasema mlikuwa mnarudi mmelowa, mnacheka, hamsemi kwa nini.

Dereva akishashusha madebe yake huko mjini, anarudi huku saa tano. Nimemwambia akuachie kiti cha mbele kwa ajili ya goti. Panda gari la maziwa leo.

Mwanao